Sista, mbona bado anahara?

Mama mmoja alifika na tuktuk saa mbili usiku kutoka mtaa wa Nyalenda, mtoto kamfunga kifuani kwa leso. Zilikuwa wiki za mlipuko wa kipindupindu. Tulikuwa tumesimamisha hema jeupe nje ya kituo chetu cha afya, na mlangoni tumeweka beseni la maji ya klorini ili kila anayeingia akanyage. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Macho yalikuwa yamezama. Nilimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili nikaiachia, nayo ikabaki imekunjika kidogo kabla ya kurudi. Alilia bila chozi. Lakini kikombe kilipomgusa mdomo alikidaka kwa mikono yote miwili, na hapo moyo wangu ukatulia, kwa sababu mtoto anayeweza kudaka kikombe bado anaweza kutibiwa kwa kikombe.

Mizani ilisema kilo 10. Hesabu yake tunaijua kichwani: mililita 75 za ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya paketi, kwa kila kilo ndani ya saa 4, kwa hiyo mililita 750. Kipimo cha haraka kilionyesha kipindupindu. Nilimchanganyia mama yake maji hayo mbele ya macho yake, nikamwonyesha namna ya kutumia kijiko: kijiko kimoja, ngoja dakika moja au mbili, kijiko kingine; akitapika, subiri dakika kumi kisha anza tena taratibu. Halafu nikaitwa kwa mzee aliyehitaji dripu.

Niliporudi baada ya saa moja na nusu, kijiko kilikuwa kimelazwa juu ya kikombe na kikombe kilikuwa bado nusu.

"Sista, mbona bado anahara?" akaniuliza. "Nimempa, nimempa. Kila nikimpa, anatoa."

Nimekuwa muuguzi hapa Kisumu miaka 14, na hakuna swali linaloniogopesha kuliko hilo. Kijiko kikishalazwa juu ya kikombe, mtoto ameanza kutuponyoka. Na kwa miaka mingi jibu langu kwa swali hilo lilikuwa amri tu: "Endelea kumpa, mama." Wengine walinitii kwa sababu ya sare yangu. Wengine walingoja nigeuke. Haya ninayoyaandika ndiyo maelezo niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo, na sehemu kubwa yake nimeipata si darasani bali usiku, baada ya zamu, nikisoma utafiti kuhusu jinsi seli zinavyopelekeana ujumbe.

*

Mwaka 1997 nilikuwa na miaka tisa, na tulikuwa tukiishi Kaloleni, mtaa wa hapa hapa Kisumu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akibeba samaki ufuoni Dunga, kwenye Ziwa Victoria. Wakati wa zile mvua za El Niño alikwenda matanga mashambani, akarudi Jumamosi jioni akiwa mzima, akitaniana na kila mtu. Usiku akaanza kuendesha. Kulipokucha ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyefua kutwa, na sauti yake imekauka hata ikawa ya mtu mwingine.

Watu wazima walishauriana, wakakubaliana asipewe maji. Maji yanaingia juu yanatoka chini, wakasema. Ukimnywesha unalichochea tumbo. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini. Mjomba akanitazama, akasema, "Mama, niletee maji." Alizoea kuniita mama kwa sababu nilipewa jina la bibi, mama yake mzazi. Nikamgeukia bibi. Bibi akatikisa kichwa. Sikuyaleta. Mjomba alifariki kabla ya adhuhuri.

Siandiki haya kumlaumu bibi, Mungu amrehemu. Alikuwa akimwuguza mwanawe kwa kile alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli: maji yalikuwa yakiingia, na maji yalikuwa yakitoka. Macho yake hayakumdanganya hata kidogo. Hakuwa na njia ya kujua kwamba yanayoingia na yanayotoka yanapita milango miwili tofauti.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nimevaa sare, nilisoma takwimu za mlipuko ule. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza ziliandikisha wagonjwa 14,275 wa kipindupindu. 547 kati yao walikufa. Watafiti walilinganisha waliougua na wasiougua, wakakuta tofauti hizi: kunywa maji ya ziwa au ya kijito, kula pamoja na mtu anayehara, na kuhudhuria matanga yenye chakula. Mstari wa matanga niliusoma mara mbili, nikaufunga ule ukurasa, nikaenda kukaa nje.

*

Wengi wetu, hata sisi wa fani, tunalifikiria tumbo la kuhara kama kidonda. Mdudu anauma, utumbo unachubuka, maji yanavuja. Kwa magonjwa mengine ni hivyo. Kipindupindu sivyo. Ukiweka kipande cha utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu chini ya hadubini, utakuta ukuta mzima, seli zimepangana kama kawaida. Bakteria hata haingii mwilini. Anajishikiza juu ya ukuta na kubaki hapo.

Mtu aliyelithibitisha jambo hili ni Sambhu Nath De, daktari wa Calcutta. Mwaka 1959 alitangaza jaribio ambalo kwa maoni yangu lilistahili heshima kubwa kuliko iliyopewa. Alifunga kipande cha utumbo wa sungura kwa uzi pande mbili, akaingiza ndani majimaji ambamo bakteria walikuzwa, lakini bakteria wenyewe wakiwa wamechujwa wote. Kile kipande kikajaa maji, kikavimba. Basi mdudu hakuhitajika hata kuwepo. Alichokiacha kwenye yale majimaji, sumu yake, kilitosha.

Na sumu hiyo haichomi wala haitoboi chochote. Inagusa swichi moja.

Hapa itanibidi nieleze polepole, maana ndipo uzuri wote ulipo. Seli imezungukwa na utando, na juu ya utando kuna vipokezi. Homoni nyingi hazina ruhusa ya kuingia ndani. Zinabisha hodi tu. Kipokezi kikibishwa kinageuza umbo lake, na upande wa ndani kinaiamsha jirani yake, protini inayoitwa protini-G. Protini-G ikiwa imelala huwa imeshika molekuli ndogo ya GDP. Ikiamshwa inaitema na kushika nyingine, GTP, na hapo imewaka. Inakwenda kukichochea kimeng'enya ambacho kazi yake ni kutengeneza saikliki AMP, mjumbe anayetumwa ndani ya seli kupeleka habari kwamba nje mlango umebishwa.

Sasa, protini-G haingoji mtu aje kuizima. Imeumbwa na saa yake ndani. Muda mfupi tu baada ya kuwaka, yenyewe inaikata fosfati moja kutoka kwenye GTP iliyoishika, GTP inageuka GDP, na taa inazimika. Mara ya kwanza kulisoma hili nilirudia aya hiyo mpaka nikaielewa sawasawa. Ndani ya kila swichi mwili umeweka mwisho wake, kabla hata ujumbe haujafika unakokwenda.

Sumu ya kipindupindu inaivunja saa hiyo. Ina sehemu tano zinazoshika aina fulani ya mafuta juu ya seli za utumbo, na sehemu moja inayofanya madhara. Seli inaimeza, kisha inaisafirisha yenyewe, kinyumenyume, mpaka kwenye kiwanda chake cha protini. Hapo sumu inapenya kupitia njia ambayo seli huitumia kutupa protini zilizoharibika, na kutokea ndani kabisa. Inaitafuta protini-G na kubandika kipande kidogo cha kemikali mahali pale pale panapofanya kazi ya kuikata GTP. Hapakatiki tena. Swichi imewaka na haina wa kuizima.

Kinachofuata ni utii mtupu. Mjumbe anatengenezwa bila kikomo, anajaa ndani ya seli, anafungua mlango wa kloraidi. Kloraidi inamiminika utumboni, sodiamu inaifuata, nazo mbili pamoja ni chumvi, na maji hufuata chumvi popote iendako. Katika siku ya kawaida mlango huo huo hutoa maji kidogo ya kulainisha utumbo, kisha hufungwa. Mlango ukikwama wazi, mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa, maji meupe kama yaliyooshewa mchele.

Mjomba wangu alikufa kwa amri njema iliyokosa mwisho.

*

Habari za mjumbe huyu zilianza kwenye ini. Earl Sutherland, Mmarekani, miaka ya 1950 alitaka kujua adrenalini inaliambiaje ini litoe sukari. Akagundua kwamba adrenalini inabaki nje, na kwamba ndani kuna molekuli nyingine ndogo inayoupokea ujumbe na kuupeleka mbele. Akaiita mjumbe wa pili, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel. Martin Rodbell na Alfred Gilman walipata yao mwaka 1994 kwa protini-G, Robert Lefkowitz na Brian Kobilka mwaka 2012 kwa vipokezi. Jambo ambalo hunigusa ni kwamba sumu ya kipindupindu yenyewe iliwafaa wanasayansi waliokuwa wakiisaka protini-G: kwa kuwa inajibandika mahali hususa, iliwafanyia kazi ya kalamu ya kutia alama. Kitu kilichoua watu kuanzia Ganges hadi Nyanza kikawa chombo cha kutufunulia jinsi seli inavyosikia.

Lakini kulibaki kitendawili. Mjumbe ni yule yule mmoja, na kazi zake hazihesabiki. Kwenye moyo, adrenalini inamtumia kuongeza nguvu ya mapigo. Kwenye kongosho anazisaidia seli kutoa insulini. Hizi dawa mpya za kisukari na za kupunguza uzito zinazosemwa kila mahali zinamtumia yeye. Kwenye figo anazuia maji yasipotee, na huyo wa figo nitamrudia. Mtu anaweza kusema kila kiungo kina seli zake na kila seli ina tafsiri yake, na hilo ni kweli. Ila watafiti waliona tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba hata ndani ya aina moja ya seli za moyo, homoni mbili zinaweza kumwongeza mjumbe huyo huyo, moja ikaongeza nguvu ya moyo na nyingine isiongeze. Inawezekanaje? Molekuli hii ni ndogo mno. Ukiitonesha mahali popote ndani ya seli, tulidhani, itaenea kote kama wino kwenye beseni la maji.

Majibu yamekuja juzi juzi, na ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma usiku.

Mwaka 2020 kikundi cha Martin Lohse mjini Berlin kilionyesha kwamba seli ikiwa imetulia, sehemu kubwa ya wajumbe hawa haiko huru kuogelea. Wameshikwa na protini zinazowapokea. Na kando ya vimeng'enya vinavyowatafuna, kuna vijieneo ambamo mjumbe karibu hayupo kabisa, vijieneo vya makumi ya nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka huo huo kikundi cha Jin Zhang huko San Diego kilitangaza kwamba protini mojawapo inayomshika mjumbe hujikusanya kuwa matone ndani ya seli, kama matone ya mafuta yanayoelea juu ya mchuzi, na matone hayo humfungia mjumbe ndani yake asizagae. Wakiyavunja matone, mjumbe anatapakaa na mipaka inafutika. Ipo saratani adimu ya ini inayowapata zaidi vijana, na protini yenye kasoro inayoambatana nayo inayazuia matone haya yasiundike. Kisha mwaka 2022, Lohse na Andreas Bock na wenzao wakaonyesha kwamba kipokezi kimoja kinaweza kuwa na eneo lake mwenyewe la ujumbe, lisiloingiliana na la kipokezi cha jirani.

Haya yote wameyaona kwa kutumia protini zinazong'aa, ambazo asili yake ni kiwavi wa baharini, yule mnyama laini kama uteute anayeelea majini. Zinaunganishwa kwa namna ambayo mjumbe akizigusa, rangi ya mwanga wake inabadilika. Mtafiti anaketi gizani akiitazama seli hai ikizungumza kwa rangi.

Zamani nilimpigia picha mjumbe huyu kama gari la matangazo lenye kipaza sauti, linalopita mtaani na kila nyumba ikasikia. Sasa ninaona soko la Kibuye siku ya Jumapili. Watu maelfu, kelele juu ya kelele, lakini mama anayeuza omena na mteja wake wanaelewana bei bila shida, kwa kuwa wamesogeleana, na maneno yao yanafia hapo hapo kabla hayajafika kwa muuza mitumba. Soko linawezekana kwa sababu sauti hufa haraka. Seli nayo inatumia nguvu nyingi ajabu kuhakikisha ujumbe unakufa karibu na ulipozaliwa: saa ndani ya protini-G, vimeng'enya vinavyomtafuna mjumbe, matone yanayomfunga.

Nikiirudia sumu ya kipindupindu kwa macho haya, naelewa ukubwa wa uharibifu wake. Imelishinda soko zima kwa kipaza sauti kimoja.

*

Nitatoka njiani kidogo, maana bakteria mwenyewe naye ana mazungumzo yake, na siwezi kuyaacha.

Mtafiti Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ametumia miaka mingi kuwasikiliza. Bakteria wa kipindupindu hutoa molekuli ndogo na kuzipima katika maji yanayowazunguka. Zikiwa nyingi, wanajua wenzao ni wengi. Wakiwa wachache wanajishikiza utumboni na kutengeneza sumu. Wakishakuwa jeshi wanaizima sumu, wanajibandua, na kuondoka na yale maji kwenda kutafuta mtu mwingine. Yaani wao wanajua kuizima sumu yao. Mgonjwa ndiye anayebaki na swichi iliyokwama. Na mwishoni mwa mwaka 2018, Bassler na mwanafunzi wake Justin Silpe wakatangaza kirusi kinachoshambulia bakteria wa jamii hii ambacho kimebeba kipokezi cha ujumbe wao. Kinakaa kimya ndani ya bakteria kikisikiliza. Kikisikia kwamba wamejaa pande zote, kinampasua mwenyeji wake na kutoka, kwa maana sasa kuna wengi wa kuingia. Nikipita ufuoni Dunga jioni, maji yametulia na magugumaji yamejikusanya pembeni, huwa nafikiria minong'ono yote iliyomo mle.

*

Turudi kwenye kijiko.

Mwaka 1960, katika mkutano mjini Prague, mtafiti Robert Crane alieleza kwamba sukari inapoingia kwenye seli za utumbo haiingii peke yake. Kuna protini inayopokea sodiamu na glukosi pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja, na kuzivusha kwa mkupuo. Maji yanafuata nyuma. Mlango huu hauisikilizi ile swichi iliyokwama. Sumu ya kipindupindu inaweza kuwa imewasha kila protini-G iliyomo, na bado mlango wa sukari na chumvi utafanya kazi yake. Seli ile ile inayomimina maji kwa upande mmoja inaweza kunywa kwa mwingine, kwenye dakika ile ile.

Ndiyo maana ya chumvi na sukari ndani ya ile paketi, na ndiyo sababu haviwezi kutenganishwa. Maji matupu hayana ufunguo. Chumvi bila sukari, mlango haufunguki. Sukari ikizidi, kama kwenye soda, inayavuta maji kuja utumboni na kuhara kunaongezeka. Shirika la Afya Duniani lilipopunguza makali ya mchanganyiko mwaka 2002 lilifikia gramu 2.6 za chumvi na 13.5 za glukosi kwa lita, pamoja na potasiamu na sitreti. Mtu aliye mbali na kituo na hana paketi anaweza kuchukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Soma paketi, tafadhali: zipo za nusu lita na zipo za lita moja, na nimeona zote mbili zikimiminwa kwenye jagi moja.

Mwaka 1971 wakimbizi wa Bangladesh walijaa Bongaon, mpakani mwa India, na kipindupindu kikawafuata. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu. Akaagiza chumvi na glukosi zipimwe na kutiwa kwenye mifuko, zichanganywe kwenye mapipa, na akawakabidhi vikombe jamaa za wagonjwa: mama, dada, yeyote aliyekuwepo. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet likaandika kwamba ugunduzi kuhusu sukari na sodiamu huenda ndio hatua muhimu kuliko zote za tiba katika karne ile. Tangu Bongaon hadi 1997 ni miaka 26. Habari hiyo ilikuwa bado haijafika kizingiti chetu Kaloleni.

Hili ndilo jambo ambalo kila ninapolifikiria mwili unanisisimka. ORS haiitengenezi swichi. Hakuna tunachokifanya ndani ya lile hema kinachoweza kuibandua ile kemikali kutoka kwenye protini-G. Lakini seli za utumbo haziishi muda mrefu. Zinazaliwa chini, zinapanda, na baada ya siku tatu hadi tano zinabanduka, na nyingine zinashika nafasi yake. Seli zilizokwama zitaondoka na amri yao. Kazi yetu yote, dripu, kijiko, kikombe, ni kumweka mtu hai mpaka apate utumbo mpya.

*

Basi usiku ule nilivuta stuli nikakaa mbele ya yule mama. Nilikikamata kijiko mwenyewe, nikampa mtoto, akameza.

"Mama, tuseme nyumbani mfereji umefunguka na mpini umekatika. Fundi anakuja kesho kutwa. Utafanyaje?"

"Maji yataisha kwenye tangi."

"Na ukiwa na mtungi?"

Akafikiri. "Nitakuwa najaza tangi kwa juu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka fundi aje."

Nikamwambia kwamba tumboni mwa mwanawe mpini umekatika. Mimi siwezi kuurudisha, wala wewe, wala daktari. Utumbo wenyewe utaota ngozi mpya ya ndani, na hiyo ngozi ndiyo fundi. Ila ugonjwa huu umekwamisha mlango mmoja tu, na kuna mwingine ambao unafunguka chumvi na sukari zikifika pamoja. Kila kijiko unachompa, kingi kinapita huko na kubaki. Haya unayoyaona yakitoka unayaona, yanayobaki huyaoni.

"Sasa nitajuaje kama yanabaki?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika hema lile. Bibi angeliuliza, kama angekuwepo wa kumwuliza.

"Atakojoa," nikamwambia.

Sikumweleza mengine, maana kijiko kilikuwa kikingoja, lakini ninyi nitawaeleza. Mwili ukikaukiwa, ubongo unatuma homoni ya vasopresini kwenye figo. Homoni inabisha kwenye kipokezi, protini-G inawaka, na mjumbe anayetengenezwa ni yule yule, saikliki AMP. Kule anaamuru vijifereji vya maji vipandishwe kwenye utando, ili kila tone lililokuwa likielekea kwenye kibofu lirudishwe mwilini. Kwa hiyo usiku ule, ndani ya mwili wa kilo 10, mjumbe mmoja alikuwa akitoa amri mbili zinazopingana: utumboni anapiga kelele mwaga, kwenye figo ananong'ona shika. Kelele ya utumbo isingezimika kwa siku kadhaa. Mnong'ono wa figo ulikuwa na saa yake nzima. Damu ikipata maji ya kutosha, ubongo ungenyamaza, vimeng'enya vingemtafuna mjumbe, vijifereji vingeshushwa, na mkojo ungeteremka.

Alirudi kwenye kijiko. Nilipopita saa nne alikuwa akihesabu kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, kijiko baada ya kijiko. Saa tano mtoto alitapika. Akangoja, akaanza tena bila kuniita. Ndoo ilibadilishwa mara mbili. Saa sita aliomba kikombe cha pili, na nilipokuwa nakichanganya mkono wangu ulitetemeka kidogo, sijui kwa uchovu au kwa mjomba.

Saa saba kasorobo nilikuwa nimeinama juu ya kitanda cha yule mzee, nikirekebisha dripu yake, niliposikia viatu vikikanyaga beseni la klorini nyuma yangu. Alikuwa amesimama na mtoto kifuani, leso imelowa kuanzia ubavuni hadi kiunoni, na ameishika mbele kwa mkono mmoja ili nione.

"Sista," akasema, "amekojoa."